Baba anasema tunanong'ona, tukipaza sauti anasema tunamfokea. Tufanyeje?

BintiMuheza aliuliza:

Habari za humu ndani ndugu zangu, na shikamooni wakubwa.

Naomba msaada kuhusu baba yangu. Ana miaka 69, tunaishi naye hapa Tanga, Makorora. Ujana wake wote ameutumikia mkonge huko Muheza, na muda mrefu alikuwa kwenye korona, ile mashine inayokwangua majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi. Waliowahi kusimama karibu na korona wanaujua ule mngurumo. Baba mwenyewe anasimulia kwamba mle ndani walikuwa wakiongea kwa mikono. Vya kuziba masikio havikuwepo.

Sasa hali imekuwa hivi. Runinga anaifungulia mpaka taarifa ya habari inasikika nyumba ya tatu. Mimi au mama tukimsemesha anasema tunanong'ona. Tukipaza sauti anakunja uso: "Mnanifokea kwa nini, mimi mtoto?" Kinachoniuma zaidi ni mwanangu wa miaka 6. Akitoka shule anakwenda kumsimulia babu yake, babu anatikisa kichwa na kucheka pasipochekesha, mtoto anarudi kwangu ananiambia, "Mama, babu hanisikilizi."

Halafu kuna rafiki yake wa tangu shambani, mzee mwenye sauti nzito. Huyo akija wanakaa barazani wanaongea mpaka magharibi, na hakuna anayepiga kelele. Hapo ndipo mama anapochukia. Anasema baba anasikia akitaka, asipotaka anajifanya hasikii. Maneno hayo baba yamemfikia, na tangu siku hiyo anakula chumbani kwake.

Kwenye bao kijiweni amekata mguu. Msikitini anawafuata wa pembeni kwa macho. Wakirukuu naye anarukuu. Usiku analalamika masikio yanavuma.

Kaka yangu aliyeko Muscat alituma kifaa cha kuvaa sikioni, cha kuchaji. Baba alikivaa, kikapiga mluzi, akasema kinamletea kelele za sahani na pikipiki, maneno yako palepale. Sasa kiko kabatini na hataki kitajwe.

Je, kwa umri huu kuna faida ya kumpeleka hospitali? Kifaa tukilazimishe au tukiache? Na jirani anasisitiza tumtie mafuta ya nazi yaliyochemshwa na kitunguu saumu. Mwenye kujua anisaidie.

---

Mzee wa Pongwe alijibu:

Pole sana binti. Uzee ni uzee, sote tunaelekea huko. Babu yetu alitiwa hayo mafuta ya kitunguu saumu yakiwa vuguvugu, likatoka bonge la uchafu na akasikia tena vizuri. Jaribuni kwanza kabla ya kuhangaika na foleni za hospitali. Na mzee msimbughudhi, mwacheni apumzike, kafanya kazi ya kutosha.

---

Mwalimu Mstaafu Ngamiani alijibu:

Marahaba mwanangu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimestaafu, na mashine za masikio navaa pande zote mbili. Nitakujibu kwa urefu, maana baba yako namwelewa kuliko unavyodhani.

Nianze na hilo neno la mama: "anasikia akitaka." Nakuomba mama asome hapa, au umsomee taratibu mkiwa wawili, baba asiwepo. Neno hilo nimeambiwa na watu ninaowapenda, na najua linavyochoma, kwa sababu mtu unajikaza mpaka kichwa kinauma kushika maneno ya watu, halafu unaambiwa hujali.

Kelele za miaka mingi haziui sikio lote kwa pamoja. Zinaanza na sauti nyembamba na kuacha zile nene. Sasa chukua lugha yetu uiangalie. Irabu, a, e, i, o, u, ndizo zenye nguvu na zimekaa chini. Zile s, f, sh, t, k, p, ch ni upepo tu, dhaifu, na zimekaa juu, kulekule kulikoharibika. Kwa hiyo baba anasikia vizuri kabisa kwamba unaongea. Hasikii ulichosema. Mwambie kutoka jikoni "Juma amefika", masikioni kwake inaingia "ame-ika". Amefika? Amepika? Ameshika? Amezika? Inabidi akisie kwa haraka, na wakati anakisia wewe umeshasema sentensi nyingine mbili. Akikosea mnacheka. Akiuliza mara ya pili mnaguna. Mwisho wake mtu anajifunza kutikisa kichwa na kucheka wanapocheka wengine. Mimi nimefundisha darasa la watoto wengi kwa kutikisa kichwa namna hiyo kabla sijapata mashine, kwa hiyo naujua uchovu wake.

Huyo rafiki yake mwenye sauti nzito anasikika kwa sababu sauti yake iko kwenye sehemu iliyobaki nzima. Baba amezoea pia matamshi yake, wanakaa uso kwa uso, barazani kuna mwanga, hakuna runinga, na mazungumzo yao ni ya mambo wanayoyajua wote wawili. Wewe na mama mna sauti nyembamba. Mtoto wa miaka 6 ndiyo kabisa: sauti yake ni nyembamba kuliko zote nyumbani, anaongea haraka, anaongea huku anaruka, na anahama habari bila taarifa. Babu hamchagui rafiki akamwacha mjukuu. Masikio yamemchagulia.

Na ile "mnanong'ona" ikifuatwa na "mnanifokea", yote mawili ni kweli. Sikio la namna hii sauti ndogo haliipati, na sauti kubwa linaipata ikiwa kali mno, nafasi katikati imebaki nyembamba. Ukipiga kelele unazidisha irabu, zile s na f zinabaki palepale, na uso wako unakuwa wa mtu mwenye hasira. Yeye anauona uso.

Basi hapo nyumbani fanyeni hivi kuanzia leo, kabla ya hospitali, kabla ya senti moja kutoka. Msimsemeshe kutoka chumba kingine. Mwendee, mguse bega au simama anapokuona, mtaje jina au sema "baba", ngoja akutazame, ndipo useme. Mkisogea toka mita 2 hadi mita 1, sauti inayomfikia inaongezeka kwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) bila mtu kupaza koo. Simama mwanga ukiwa usoni kwako, usisimame na dirisha mgongoni. Mikono isizibe mdomo, na chakula kimezwe kwanza. Zima runinga, na kama mnaweza zima na feni. Sema kwa sauti ya kawaida, polepole kidogo, bila kukatakata silabi. Asiposhika, badilisha maneno badala ya kurudia yaleyale. "Amefika Juma" ikishindikana, sema "Juma yuko mlangoni". Na kabla ya kuhama mada, mwambie: "Baba, sasa ni habari za shamba." Akijua mnaongelea nini, kukisia kunakuwa kwepesi mno.

Mtoto naye afundishwe. Watoto wanashika haraka kuliko watu wazima. Mjukuu wangu mimi hukivuta kidevu changu kwa mikono miwili nimtazame, ndipo aanze habari yake. Wageni wanaona utovu wa adabu, mimi naona mtoto anayetaka nimsikie.

Kuhusu kifaa cha kaka. Kaka ametenda wema, asisemwe. Lakini vifaa vingi vinavyouzwa bila vipimo huongeza kila kitu kwa pamoja, sahani, pikipiki, kuku, na hata zile sauti nene ambazo baba hazihitaji kuongezewa. Ni kama kuvaa miwani iliyopimiwa macho ya mtu mwingine. Mashine inayofaa huwekwa kwa kufuata kipimo chake: inaongeza pale palipopungua, kwa kiasi kilichopungua, sikio kwa sikio. Mluzi nao mara nyingi ni kwa sababu mpira haukukaa sawasawa tunduni, sauti inavuja nje na kurudi kwenye maikrofoni. Nta ikijaa sikioni pia inaleta mluzi. Kwa hiyo kisilazimishwe. Kichukueni mwende nacho siku ya kipimo, wakiangalie.

Umeuliza kama umri umepita. Mwanangu, wengi wanaovaa mashine ni watu wa umri wa baba yako na kuzidi. Lakini jambo moja mwambieni mapema. Siku ya kwanza ataichukia. Ubongo umekaa miaka bila zile sauti, zikirudi zinarudi kama fujo. Mimi nilipovaa mara ya kwanza nilisikia ndara zangu mwenyewe, nikageuka kutazama nani ananifuata. Karatasi ikikunjwa darasani niliona wanafanya makusudi. Maji ya bomba yalinitoa chumbani. Aanze ndani, kwenye utulivu, na mtu mmoja, saa moja au mbili, kesho aongeze. Kijiweni na sokoni iwe mwisho kabisa. Ni wiki kadhaa, wengine miezi, ndipo ubongo unarudi kujua lipi la kusikiliza na lipi la kuacha. Na baada ya siku chache za kuvaa mrudi kwa aliyeiweka airekebishe. Kurudi huko ndiko watu wengi wanakoacha, na ndiko mashine zinakoishia kabatini.

Yangu mimi yalitokana na sindano za TB nilipokuwa mwalimu kijana. Streptomaisini. Ziliniponya, nazishukuru mpaka leo. Ziliniachia masikio haya na mwendo wa kuyumba gizani. Umeme ukikatika nashika ukuta. Nalitaja hili kwa sababu kuna wanaosoma humu wana wagonjwa kwenye dawa, na wengi hawajui kwamba dawa inaweza kugusa sikio.

Mafuta ya kitunguu saumu hapana. Nawaachia wataalamu waseme sababu.

---

Mpima Usikivu alijibu:

Shikamoo Mwalimu. Umenifanyia kazi yangu.

Mimi kazi yangu ni kupima usikivu hospitalini, siko Tanga. Nitaongeza machache ya upande wa kitaalamu.

Kwa Mzee wa Pongwe, shikamoo. Babu yako huenda alikuwa na nta iliyoziba, na ikilainishwa inatoka, hiyo ni kweli. Shida ni kwamba aliye nje hawezi kujua kuna nini ndani. Kama ngoma ya sikio imetoboka, mafuta yanapita mpaka sikio la kati na kuleta maambukizi. Kitunguu saumu kinaunguza ngozi ya tundu, na mafuta ya moto ndiyo hatari zaidi. Nimesafisha masikio yaliyotiwa mafuta ya taa, sitaki kuyaeleza hapa. Sikio linalotoa usaha lisitiwe chochote cha nyumbani, liletwe. Vijiti vya pamba navyo vinaisukuma nta ndani.

Dada, anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, uulizie huduma ya pua, koo na masikio. Wamtazame kwanza kwa taa. Nta ikitolewa ndipo apimwe. Kama kipimo kamili hakipatikani hapo watawaandikia rufaa. KCMC Moshi na Muhimbili wana idara hizo. Kipimo hakiumi. Anakaa mahali patulivu, anavaa vipokea sauti, kila akisikia mlio hata ukiwa mdogo kiasi gani anabonyeza kitufe au anainua mkono. Milio inakwenda toka hezi 250, ile minene, mpaka 8,000, ile myembamba. Halafu anawekewa kitu kinachotetemesha mfupa nyuma ya sikio, ili tujue tatizo liko njiani, yaani tundu, ngoma na vifupa, au liko ndani kwenye konokono ya sikio na neva.

Matokeo ni mchoro unaoitwa audiogramu. Duara jekundu ni sikio la kulia, alama ya X ya buluu ni la kushoto. Kadiri alama inavyoshuka chini ndivyo usikivu ulivyopungua. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mtu akisikia milio iliyo chini ya desibeli 20 ni kawaida; akianza kusikia kwenye 20 mpaka 35 upungufu mdogo; 35 mpaka 50 wa wastani; kuanzia hapo unazidi kuwa mkubwa. Kwa mtu wa korona nategemea kuona mstari unaporomoka karibu na hezi 4,000. Kelele hupenda kuanzia hapo, na uzee unakuja kuongezea. Ombeni nakala ya mchoro huo, mkae nayo nyumbani. Ni yake, na popote mtakapokwenda kutafuta mashine itahitajika.

Ndani ya konokono kuna vijiseli vyenye vinyweleo, vinakaribia 15,000 kila sikio. Vikifa kwa kelele au dawa haviotei tena, na hakuna kidonge wala mafuta ya kuvirudisha. Mtu asije akawauzia. Mvumo wa usiku mara nyingi unatokana na hapohapo. Unazidi kwenye ukimya, kwa hiyo feni au redio ya sauti ndogo sana wakati wa kulala husaidia, na wengi wakivaa mashine mchana mvumo unapungua.

Yapo ya kukimbilia, yasingoje. Sikio likizima ghafla, ndani ya saa au siku tatu, hiyo ni dharura. Dawa zinaweza kusaidia zikianza mapema, na baada ya wiki chache nafasi inapotea. Mvumo wa sikio moja tu, au sikio moja kuwa baya kupita jingine, lazima daktari aone. Kizunguzungu kikali pia, na uso kupooza upande mmoja usiulizie mitandaoni.

Kuhusu kula chumbani, msilichukulie dogo. Ripoti ya tume ya jarida la Lancet ya 2024 imeuweka upungufu wa kusikia kati ya mambo 14 yanayochangia watu kupoteza kumbukumbu uzeeni na ambayo yanaweza kushughulikiwa. Haina maana kila asiyesikia atasahau. Lakini mtu asiyezungumza na yeyote anafifia, na hili naliona kazini kila siku.

Mwalimu, kuhusu sindano, umesema jambo zito. Streptomaisini, kanamaisini, amikasini na jentamaisini zote ni ukoo mmoja. Kwa TB sugu, Shirika la Afya Duniani tangu 2018 limeondoa kanamaisini kwenye dawa zinazopendekezwa na kusogeza mbele vidonge. Jentamaisini bado inaokoa watoto wachanga wengi, hivyo isikataliwe. Ulizeni tu kama mgonjwa anafuatiliwa masikio. Akisema masikio yanavuma au anayumba, mwambieni daktari siku hiyohiyo. Dawa msiikatishe wenyewe.

---

BintiMuheza alijibu:

Mungu awabariki wote. Mwalimu, nimemsomea mama maneno yako. Hakusema kitu, akaenda kumbishia hodi baba, akamgusa bega, akamwambia karibu mezani, akiwa mbele yake. Baba alikuja. Runinga ilikuwa imezimwa. Sisemi mambo yamekwisha, lakini wamekula pamoja.

Nimemwambia baba habari ya kipimo. Amekubali kwenda kwa masharti: anasema yeye anatawadha mara 5 kwa siku, kifaa kikiingia maji kitakufa, na hapa Tanga joto na jasho hakitafika mwezi. Je, hoja yake ina ukweli? Na betri za kawaida ni bora au za kuchaji?

Jingine: mdogo wangu yuko kwenye karakana ya mageti, anashinda na grainda. Anasema akitoka kazini masikio yanalia mpaka usiku, asubuhi yako sawa. Hilo la kuhofia?

---

Mpima Usikivu alijibu:

Ndiyo, la kuhofia, na sasa ndiyo wakati, kabla hajawa kama baba. Masikio yanayolia baada ya kazi yameumizwa. Asubuhi anaona yako sawa, lakini sehemu ya madhara inabaki na kujumlishana.

Kiwango kinachochukuliwa kuwa mpaka ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila zinapoongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na ikifika 100 ni dakika 15 tu kwa siku nzima. Grainda kwenye bati hufika 100 bila shida. Anunue vizibo vya masikio vya mfano wa hedfoni, vile vikubwa vinavyofunika sikio lote, na avivae muda wote grainda inapowaka, yake au ya jirani. Akivua dakika chache chache faida kubwa inapotea. Pamba haizuii chochote cha maana. Na asivae spika za sikioni apige muziki juu ya kelele ya grainda, vijana wengi wanafanya hivyo.

---

Mwalimu Mstaafu Ngamiani alijibu:

Nimefurahi kusikia habari ya meza. Mpe mama salamu zangu.

Hoja ya baba ina ukweli, naye kaifikiria vizuri. Unyevu wa pwani ndio adui wa mashine kuliko kuanguka. Lakini zangu zimedumu miaka hapahapa Tanga, kwa hiyo mweleze hivi.

Wakati wa kutawadha azivue kabla ya kugusa maji, aziweke kwenye kikopo kidogo chenye kifuniko kinachokaa mfukoni mwa kanzu. Asiziweke ukingoni mwa birika wala juu ya ukuta wa msikiti, hapo ndipo zinapopotea. Akishapaka maji masikio, ajifute kwa kitambaa kikavu, ndani ya kikunjo na nyuma ya sikio, angoje ngozi ikauke, ndipo azirudishe. Zikiwekwa kwenye sikio bichi maji yanapanda kwenye kile kimrija na sauti inakatika. Ukiona mvuke ndani ya mrija, vua, upulizwe kwa kipulizo cha mpira wanachotoa pamoja na mashine. Usipulize kwa mdomo, pumzi nayo ni maji.

Usiku zilale kwenye kopo la kufunga kabisa pamoja na vile vipakiti vya chembe vinavyonyonya unyevu, vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu na dawa. Vipya vikipatikana ni bora. Wengine hutumia mchele, mimi sitaki, vumbi lake linaziba matundu. Kama ni za betri, fungua kimlango cha betri na utoe betri kabla ya kuzilaza. Kwanza afute jasho kwa kitambaa kikavu. Akiwa shambani juani avae kofia ya kitambaa, na akienda kuoga zibaki chumbani, mbali na watoto na mbali na paka. Paka huvutwa na ule mluzi.

Betri au za kuchaji, tazama vidole vyake. Betri ni ndogo: 13 ina stika ya rangi ya machungwa, 312 ya kahawia, na 675 ile kubwa ya buluu. Akiweza kushika punje ya mtama na kuiweka anapotaka, betri atazimudu. Kama vidole vimekakamaa kwa kazi ya mkonge, chukueni za kuchaji, ila mjue umeme ukikatika usiku kucha asubuhi hana masikio. Za betri zina siri moja: zinafanya kazi kwa hewa. Ukishabandua stika, iache wazi dakika moja au mbili ndipo uifunge kwenye mashine, inadumu zaidi. Na ukibandua huwezi kuirudisha, inaendelea kuisha hata ikikaa, kwa hiyo msibandue akiba. Hifadhini mbali na mjukuu. Mtoto akimeza betri ni hospitali mbio, saa hiyohiyo.

Siku ya kipimo uende wewe au mama, mtu anayezungumza naye kila siku. Daktari atauliza anashindwa wapi, na wazee wetu wakiulizwa hujibu "sijambo". Muandike kabla: mjukuu, simu, msikitini, runinga, kijiweni. Mashine itakapowekwa, iwekwe kwa kufuata hayo. Na muulize bei yote kwa pamoja, mashine, mpira wa kupimiwa sikio, betri za miezi ijayo na marekebisho ya baadaye, ili kaka wa Muscat ajue anachangia nini. Ukipata ule mchoro uniambie tu baba yuko wapi kati ya desibeli 35 na 65, nitakueleza mimi nilianzaje.